Wifi Aliyenisimamia Kutembea

Choo chetu pale Buhongwa kiko nyuma ya nyumba, hatua kama ishirini na tano kutoka mlango wa jikoni. Ni hapo nilipoanza kukosa pumzi. Mwanzoni nilikuwa nasimama mara moja tu katikati, najifanya naangalia kuku. Baadaye nikawa nasimama mara mbili, na kuku wenyewe walishakufa kwa ugonjwa wa kideri, kwa hiyo sikuwa na cha kujifanya naangalia. Nilishika ukuta nikasubiri kifua kitulie.

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Kazi yangu ya maisha ilikuwa samaki. Nilizaliwa Ukerewe, na nilipoolewa nikaja Mwanza na kazi niliyoijua: kununua sangara wadogo asubuhi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, kuwaosha, kuwapanga juu ya wavu wa waya na kuwabanika kwa moshi mpaka wawe na rangi ya kahawia. Tanuri langu la matofali lilikuwa uani, karibu na dirisha la chumba tulicholala, kwa sababu uani hapakuwa na sehemu nyingine. Kila siku niliinama mbele ya ule moshi, napuliza kuni, nageuza samaki. Macho yalitoa machozi kwa miaka mitatu ya kwanza, halafu yakazoea. Nilidhani na kifua kimezoea.

Hospitali walinipulizisha kwenye mrija mara nyingi mpaka nikaona nyota. Daktari akasema ni ugonjwa wa mapafu wa kudumu. Hautapona, alisema, ila tunaweza kuuzuia usiende mbio. Akaniandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaniambia nisikaribie tena moshi, halafu akanipa karatasi ya kwenda chumba cha mazoezi. Nilidhani amechanganya karatasi na za mgonjwa mwingine. Mtu anayeshindwa kufika chooni, unampeleka mazoezini akafanye nini?

Mtaalamu wa mazoezi tiba alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, mpole, mikono ya shati kaikunja. Alinieleza taratibu. Alisema mtu akiogopa kuhema, anakaa. Akikaa sana, miguu inalegea. Miguu iliyolegea inadai pumzi nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo anahema zaidi, anaogopa zaidi, anakaa zaidi. Mapafu yangu hakuweza kuyarudisha yalivyokuwa, lakini miguu aliweza kuifundisha kudai kidogo.

"Utatembea, mama," aliniambia, "lakini hutatembea bila mtu wa kukuangalia. Huku nitakuangalia mimi, Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine lazima awepo mtu nyumbani."

Nikamwambia nyumbani sina mtu. Mume wangu alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Mwanangu wa kiume yuko Geita, binti yangu yuko Dodoma na watoto wadogo. Akaandika namba ya simu ya binti yangu, akasema atazungumza naye. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Binti yangu hakuniuliza. Alimpigia shangazi yake, yaani wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi kijijini kwao karibu na Bujora. Siku ya tatu nikamkuta amesimama getini na begi la nguo na mfuko wa viazi vitamu.

Ni lazima niseme hapa kwamba mimi na wifi yangu hatukuwa tunazungumza. Salamu tulipeana, kwenye harusi na misiba, kwa sababu watu wanaangalia. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Mume wangu alikufa kwa kifua. Alikohoa miaka miwili, mwishoni akawa anaongea maneno matatu na kupumzika. Tulipompeleka kwao kumzika, jioni ile wanawake tukiwa tumekaa kwenye mikeka, wifi yangu alisema, sauti ya kawaida kabisa, kama anayewaambia wanafunzi tarehe ya kufungua shule: "Mdogo wangu ameuawa na moshi wa samaki." Hakuniangalia. Hakuhitaji. Wote waliniangalia kwa niaba yake.

Niliinuka nikaenda kuosha vyombo. Na kwa miaka tisa sikurudi pale kijijini, hata walipojenga kaburi kwa saruji.

Sasa yeye huyo amekuja kunisimamia nipumue.

"Shikamoo wifi," nikasema.

"Marahaba. Mtoto ameniambia unaumwa." Akapita ndani, akauliza maji ya kunywa yako wapi.

Alhamisi ile alinisindikiza hospitali. Chumba cha mazoezi kilikuwa kirefu na chembamba, kina madirisha upande mmoja, baiskeli mbili zisizokwenda popote, ngazi moja ya mbao ya kupanda na kushuka, na chupa za maji zilizojazwa mchanga badala ya vyuma. Tulikuwa wagonjwa saba. Kulikuwa na mama mmoja mnene wa sukari na presha, na mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye meli, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka. Wengine siwakumbuki vizuri. Kila mtu alikuwa na mtu wake amekaa kwenye benchi ukutani. Wifi yangu alikaa mwisho wa benchi, mgongo umenyooka, akatoa daftari jipya, rula na kalamu, akaanza kuchora mistari.

Siku hiyo walinipima kwa kutembea. Koni mbili nyekundu za plastiki, kama zile za barabarani, ziliwekwa kwenye korido, na mimi nikaambiwa nizunguke kati yake kwa dakika sita, nisimame nikitaka, nisikimbie. Mtaalamu alinibana kidole kwa kibanio kidogo kinachosoma hewa kwenye damu, akawa anatembea nyuma yangu. Nilisimama mara tano. Mara ya nne nilishika ukuta nikamwona mhudumu wa usafi amesimama na ndoo yake, ananisubiri nipite, na akaangalia pembeni kwa heshima. Nilitamani aangalie tu. Zilipoisha dakika sita nilikaa kwenye kiti, miguu inatetemeka kama nimebeba gunia kutoka mwaloni mpaka Mabatini.

Mtaalamu alimfundisha wifi yangu kila kitu. Jinsi ya kunisikiliza: nikitembea niweze kusema sentensi fupi, lakini nisiweze kuimba. Nikiweza kuimba, tunakwenda polepole mno. Nisipoweza hata kusema jina langu, tusimame. Nivute hewa kwa pua, niitoe kwa midomo iliyobanwa, kama ninapoza uji. Alimweleza dalili za kunirudisha hospitali. Wifi yangu aliandika yote kwa mwandiko wake wa ubaoni, akauliza maswali mawili ambayo hata mimi sikuwa nimeyafikiria.

Nyumbani tulianza na dakika tatu. Dakika tatu kwenda, kupumzika, dakika tatu kurudi. Njia yetu ilikuwa ile ya vumbi inayopita nyuma ya nyumba mpya, kuelekea kanisani. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wifi yangu alikuwa ameshavaa raba na anaangalia saa ya mkononi. Hakuwa anagonga mlango. Alikaa sebuleni kimya, na kile kimya kilikuwa kinaniamsha kuliko kugonga.

Tulitembea bila kuongea. Yeye alisema tu, "Dakika moja," halafu, "Mbili." Majirani walitusalimia, wakauliza mgonjwa anaendeleaje, wakimuuliza yeye, kama vile mimi ni mzigo alioubeba. Niliporudi nilikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, na yeye anaandika kwenye daftari: dakika, mara nilizosimama, uchovu kutoka sifuri hadi kumi. Kila siku aliniuliza namba. Nilichoka hata kuulizwa namba.

Watu wakisimulia habari za mazoezi husema walijisikia vizuri. Mimi sikujisikia vizuri. Wiki tatu za kwanza nilijisikia kama mtu anayechimbua shamba la mtu mwingine. Mapaja yaliuma. Dawa ya kuvuta iliniacha na mikono inayotetemeka. Kuna asubuhi moja, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ni tope, nikamwambia wifi yangu kupitia pazia kwamba siendi leo wala kesho, na wala Jumanne siendi hospitali, awaambie nimechoka. Nilisubiri anisute. Nilikuwa na majibu ya miaka tisa yamepangwa tayari.

Hakunisuta. Alivuta kigoda akakaa nje ya pazia. Halafu akasema, "Basi simama ukae, humo humo chumbani. Mara tano kwenye kitanda. Nitahesabu kutoka hapa."

Sijui kwa nini niliinuka. Labda kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kugombana. Nilisimama nikakaa, nikasimama nikakaa, na sauti yake ng'ambo ya pazia ikihesabu, na ilipofika tano akasema inatosha, akaenda kuchemsha chai. Jumanne nilikwenda hospitali.

Wiki ya tano, baada ya mazoezi, mtaalamu alitukalisha wote kwenye benchi, wagonjwa na wasimamizi wao, akatueleza mambo yanayoharibu mapafu. Alitaja sigara. Alitaja moshi wa kuni na mkaa, hasa kwa wanawake. Alitaja vumbi la migodini, na vumbi la pamba kwa waliofanya kazi viwandani. Aliposema pamba, niliinua kichwa. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba miaka kumi na minane. Alikuwa anarudi nyumbani nyusi zote nyeupe, na mimi nikimpangusa kwa kitambaa tukicheka kwamba ameshazeeka. Na sigara alivuta tangu ujana wake.

Sikupanga kuuliza. Nilisikia tu sauti yangu. Niliuliza kama mtu amefanya kazi ya pamba, na anavuta sigara, na mke wake anabanika samaki chini ya dirisha, akifa kwa kifua, kilichomuua ni kipi.

Wifi yangu alikuwa mkono wangu wa kulia, nilimsikia ameacha kuandika.

Kijana alinitazama, nadhani alielewa kuliko nilivyotaka aelewe. "Mama, mimi huyo mtu sikumpima," alisema. "Nikikupa jibu nitakuwa nakudanganya. Inaweza kuwa vyote. Hakuna atakayekuambia sasa kwa uhakika."

Nilimshukuru. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa na hasira naye. Miaka tisa nilikuwa nimejiandaa kusikia ndiyo au hapana. Usiku, peke yangu, nilikuwa nimeshajihukumu mara nyingi, na mara nyingine nimejiachia huru, lakini sikuwahi kufikiria kwamba hakuna wa kuniambia kabisa.

Kesho yake asubuhi tulitoka kama kawaida. Tulikuwa tumefika dakika kumi mfululizo, na njia ya kanisani ina kimwinuko mwishoni. Tulikuwa kwenye kile kimwinuko, mimi napoza uji wangu kwa midomo, sina nafasi ya neno hata moja, wifi yangu akaanza kuzungumza. Alizungumza akiangalia mbele.

Alisema kwamba mdogo wake alipozuiwa sigara hospitali, alimwomba yeye amletee. Yeye alikuwa anakuja kumwona mdogo wake kila Jumamosi, mimi niko mwaloni, na kila Jumamosi alimletea sigara kwenye mkoba chini ya madaftari ya wanafunzi. Nusu pakiti. Alijua ni makosa. Alikuwa anafundisha darasa la sita somo la afya, alijua vizuri sana. Lakini mdogo wake yule, alisema, ni yeye aliyemlea mgongoni, na hakuwahi kumnyima kitu alichokililia.

"Siku ile msibani," alisema, "nilikuwa nasikia harufu ya sigara kwenye mkoba wangu. Nikaogopa mtu atainusa. Ndipo nikasema lile neno."

Tulifika juu. Ilikuwa nafasi ya kupumzika. Niliinama nikashika magoti kama nilivyofundishwa, na kifua kinapanda na kushuka, na hata kama ningekuwa na jibu lisingepita. Alisubiri. Baadaye alitazama saa, akasema, "Tugeuze," tukageuza.

Sikumjibu siku hiyo, wala iliyofuata. Nilitembea, nikataja namba zangu, nikala chakula alichopika. Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa imechoka kama mimi, haikuweza kusimama muda mrefu. Kila ilipoinuka niliona vichungi vya sigara. Kwa sababu mimi nilikuwa nimeviona. Nilikuwa nafagia nyuma ya choo na kukuta vichungi vimezikwa kwenye mchanga, vizuri, kama anavyofukia paka, na nilikuwa naviokota na kuvitupa shimoni kabla watoto hawajaviona.

Siku ya tatu tulikuwa jikoni tunachambua dagaa. Nikasema, "Nilikuwa naokota vichungi nyuma ya choo. Nilidhani anapewa na jirani. Nikanyamaza."

Wifi yangu aliacha mikono yake juu ya ungo. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Alikuwa akishavuta analala kidogo. Na mimi nilikuwa nataka kulala."

Hatukulia. Sisi ni watu wazima na siku ile palikuwa na kazi nyingi. Alirudi kwenye dagaa, akatoa mchanga, akatupa vichwa vilivyooza. Baada ya muda akasema kwamba lile neno lake watu walilisikia wengi, na hajui atalirudishaje. Nikamwambia wengi wao wameshakufa. Akacheka kidogo kupitia puani, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu harusi yangu.

Tulimaliza wiki nane. Siku ya mwisho koni zikarudishwa koridoni, dakika sita. Nilisimama mara mbili badala ya tano, na nilikwenda mbele zaidi kwa urefu wa kama korido moja na nusu. Mtaalamu alifurahi kuliko mimi. Mashine ya kupulizia haikuonyesha tofauti yoyote, mapafu ni yaleyale, na hilo alikuwa ameniambia mapema. Chooni nafika bila kusimama. Naweza kuoga na kujipaka mafuta kwa mkupuo mmoja. Ukiwa hujawahi kuvikosa, hivyo ni vitu vidogo.

Wifi yangu alikaa mwezi mwingine, halafu mvua za kupanda zikaanza na akataka kurudi kwake. Goti lake pia lilikuwa limevimba kwa kunifuata kwenye kile kimwinuko, ingawa hakukubali kwamba ni hilo. Aliniachia daftari, amechora mistari mpaka ukurasa wa mwisho ili nijaze mwenyewe. Kwa wiki sita nilijaza. Halafu nikapata homa ya kifua, nikalazwa siku nne, na nilipotoka nilikuwa nimerudi kwenye dakika nne. Yote yale, tope na kuhesabiwa na mapaja kuuma, yalikuwa yamefutika ndani ya wiki moja. Nilikaa kitandani nikimwangalia binti yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Dodoma, akinifungashia nguo, nikamwambia sina nguvu za kuanza tena. Alisema, "Haya mama," kwa ile sauti ya ukoo wa baba yake, akampigia shangazi yake. Wifi yangu hakuja safari hii, goti lilikataa. Alizungumza na mimi kwenye simu, akauliza njia imekauka au bado ina tope. Nikamwambia imekauka. Akasema basi nitembee.

Nilianza tena. Inawezekana kuanza tena, lakini hakuna furaha ndani yake, na sitaki mtu yeyote aambiwe ipo.

Krismasi iliyopita nilikwenda kijijini kwa wifi yangu. Mwanangu alinipeleka, na kaburi la baba yao liko juu kidogo ya boma, nyuma ya zizi, njia ya mawe. Yeye alitaka kunishika mkono, nikamwambia atangulie. Wifi yangu alikuja nyuma na fimbo yake. Nilisimama mara tatu, na yeye alisimama mara nyingi zaidi yangu, na hakuna aliyemwekea mwenzake hesabu. Tulipofika tulikaa kwenye ukingo wa saruji, wote tukihema. Chini ng'ombe walikuwa wanarudi, na mwanangu alikuwa anafukuza ndama asiingie kwenye mihogo.

"Saruji imepasuka," wifi yangu alisema mwishowe, akionyesha kwa fimbo.

Nikaangalia. Ilikuwa imepasuka kweli, upande wa miguuni.

Niliporudi Buhongwa nililala siku mbili. Jumanne nilikwenda hospitali. Yule kijana amehamishiwa mkoa mwingine, na sasa yuko binti mmoja, mkali kidogo, anayetaka tuinue mikono juu zaidi. Mama wa sukari bado yupo. Mzee wa meli hayupo, na hakuna aliyeuliza.